Skrini ya Pili ya Mama Mkwe

Mama mkwe alipokuja kukaa nasi Donholm, jijini Nairobi, nilianza kuishi nyumbani kwangu kama mgeni, nikikohoa kabla ya kuingia sebuleni na kupita kando kando ya ukuta. Simlaumu. Kwetu sisi watu wa magharibi mwa Kenya, mwanamume na mama wa mkewe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawapeani mikono, hawakai kwenye kochi moja, hawatazamani usoni wakizungumza. Siku hizi wengi wamelegeza, hasa watu wa mjini, lakini yeye hakuwa amelegeza, na mimi nililelewa na watu ambao hawakulegeza.

Shida ilikuwa nyumba yenyewe. Ilikuwa na chumba kimoja cha kulala, sebule, na jikoni ambamo watu wawili hawawezi kupishana mpaka mmoja arudi nyuma. Chumba chetu cha kulala mama mkwe hakukikanyaga hata mara moja. Usiku alilala kwenye godoro sebuleni, mke wangu kando yake, nami nikabaki chumbani peke yangu kama mseja. Mchana alikaa papo hapo sebuleni. Na mimi sikuwa mtu wa kutoka asubuhi kwenda kazini. Meza yangu ya kazi ilikuwa sebuleni, chini ya dirisha, mahali pekee ambapo waya wa intaneti ulifika.

Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za wateja wa duka moja la mtandaoni lililoko ng'ambo. Mtu ameagiza viatu, vikaja vya mguu mmoja. Mwingine ameagiza zawadi ya harusi, harusi ikapita, zawadi haijafika. Wananipigia mimi, nimekaa ghorofa ya nne Donholm, nami naomba msamaha kwa Kiingereza cha upole mpaka watulie. Mazungumzo yote yalirekodiwa. Msimamizi wangu, mwanamke Mkenya ambaye naye alifanya kazi kutoka nyumbani kwake, angeweza kuingia katikati ya simu na kusikiliza bila mimi kujua. Na wakati wowote angeweza kukuambia uwashe kamera na uizungushe, aone meza yako na vilivyo juu yake. Watu wawili wa kundi letu walikuwa wameondolewa kwa sababu ya kelele za nyumbani. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nikilala nayo na kuamka nayo.

Mama mkwe aliletwa Nairobi kwa ajili ya macho. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umeyashika macho yote mawili, na daktari akaamua kuanza na la kulia, la kushoto lingojee miezi michache. Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipotolewa, alitoka kwenye roshani akashika chuma kwa mikono miwili, akatazama nyumba ya mkabala kwa muda mrefu.

"Yule amefua sare za watoto," akasema, "lakini kola hazikutakata."

Mke wangu alicheka mpaka akalia. Nami nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nikicheka bila sauti.

Wiki hiyo hiyo tivi yetu iliungua. Umeme ulikatika mtaa mzima, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena, na uliporudi mara nyingine tulisikia kitu kikipasuka ndani ya tivi kama bisi. Harufu ya plastiki ilijaa sebuleni. Mama mkwe alisema si neno, yeye ameona mengi. Lakini jikoni mke wangu aliniambia kwa kunong'ona, "Mama alikuwa anangoja sana kuona tivi. Miaka yote hii amekuwa akiisikiliza tu. Anajua waigizaji kwa sauti zao, hajui sura zao."

Ilitokea kwamba wakati huo kampuni ilikuwa imetuagiza kila mtu awe na skrini mbili: moja ya simu na maelezo ya mteja, ya pili ya orodha ya mizigo. Mimi nilikuwa na laptopu iliyokufa kioo na monita moja tu kuukuu. Nilishuka mjini kununua ya pili kwa kijana mmoja anayeuza vifaa vilivyotumika, duka lake dogo kiasi kwamba mteja husimama nje. Nilipomwambia kwamba tivi nayo imeungua, aliigeuza monita akanionyesha mgongo wake.

"Buda, hii itakutoa kwa shida zote," akasema. "Iko na tundu mbili. Laptopu unaeka huku, dekoda unaeka huku. Ukitaka kazi unabonyeza hapa, ukitaka tivi unabonyeza tena. Umeshika?"

Nilishika. Niliibeba nyumbani nikiwa nimeifunga kwenye blanketi, nikiwaza jinsi ya kuzipanga.

Siku niliyozipanga ilikuwa Jumamosi. Kwanza kila kitu kilikataa. Nilipochomeka waya, skrini zote mbili zilionyesha kitu kimoja, kama mtu na kivuli chake, na ilinichukua muda kupata mahali pa kuiambia kompyuta kwamba hizi ni skrini mbili tofauti, moja iendelee pale nyingine inapoishia. Kisha kishale cha kipanya kikawa kinatoka upande wa kulia na kuingia upande wa kushoto, kwa sababu nilikuwa nimezipanga kinyume. Mke wangu alinishikia waya. Mama mkwe alikaa pembeni kwenye kiti chake, miwani myeusi ya hospitali usoni, akisema kila mara, "Muache apumzike, atachoka."

Mwisho nilifaulu. Ya kushoto ikawa ya simu, mbele yangu kabisa. Kwenye ya kulia nilichomeka nyaya mbili, wa laptopu na wa king'amuzi, ile dekoda ya tivi iliyoungua. Monita yenyewe haikuwa na sauti, kwa hiyo sauti ya king'amuzi niliipeleka kwa waya mwingine hadi kwenye spika ndogo, nikaiweka juu ya stuli karibu na sikio la mama mkwe ili isivume nyumba nzima. Nilibonyeza kitufe. Mwanamke mwenye hereni kubwa akatokea, akilia jikoni kwake.

"Ooo," mama mkwe akasema polepole. "Kumbe huyu ni mnene."

Furaha yangu haikudumu hata mpaka jioni, maana nilianza kuona nilichojifungia. Skrini ya kulia ilikuwa ya watu wawili. Nikiitumia kwa orodha, tamthilia yake inapotea na kubaki sauti tu. Nikimwachia, nafanya kazi kwa skrini moja kinyume cha agizo. Na kiti chake kilikuwa hapo hapo, hatua chache kutoka kwangu, tumetazama upande mmoja kama watu waliokaa kanisani. Hilo peke yake lilinifanya nikae nikiwa nimenyooka mgongo kutwa.

Niliamua kumwachia. Orodha niliibana kwenye kipande cha skrini ya kushoto, herufi ndogo za kuumiza macho, nikawa naruka kutoka dirisha moja hadi jingine huku mteja akingoja. Kila nilipofungua mdomo nilisikiliza kwanza spika iko wapi. Mwigizaji akipiga mayowe, naziba kipaza sauti kwa kidole. Mchuuzi wa maji akipita chini na mkokoteni, nanyamaza. Ndege ikipita juu, nanyamaza. Wateja walidhani mtandao ni mbovu. Msimamizi aliniandikia: kwa nini kimya kingi hivi katikati ya simu zako? Nilijibu kwamba nitaliangalia jambo hilo.

Kisha kampuni ya mke wangu ikampeleka Nakuru kwa mafunzo. Alikuwa amejaribu kukataa, wakamwambia nafasi hiyo haitarudi. Usiku wa kuamkia safari alipanga kila kitu. Chakula alikigawa kwenye mabakuli. Dawa ya matone ya jicho, ambayo yeye ndiye aliyekuwa akimtia mama yake, alimkabidhi mama mmoja wa Kikamba wa ghorofa ya chini, rafiki yake wa kanisani, ambaye angepanda kila mara kuja kuitia. Mimi singeweza. Hata hatukulijadili.

"Utakuwa sawa?" akaniuliza mlangoni.

"Nitakuwa sawa."

"Usimwogope mama. Hang'ati."

Mama wa Kikamba alikuja siku ya kwanza, akaja na ya pili. Kisha akapata simu ya msiba kwao Machakos, akaondoka mbio akiwa na mkoba mmoja. Alipita kutuambia mlangoni. Mama mkwe akamwambia aende kwa amani, dawa atajitia mwenyewe, si kazi ngumu. Nilisimama jikoni nikasikia yote hayo. Nilihisi nitoke niseme kitu, lakini ningesema nini? Nimtie mimi? Jicho la mama wa mke wangu, kichwa chake mikononi mwangu? Nilijiambia mwanamke aliyelea watoto saba hashindwi na chupa ndogo ya dawa.

Siku zilizofuata nilimsikia akienda bafuni na chupa yake, akikaa kidogo na kurudi. Mke wangu alipopiga simu jioni, mama yake alimwambia anaendelea vizuri, anaona tivi mpaka anachoka. Nami nilisema hivyo hivyo. Niliamini. Nilikuwa na mengine ya kuogopa. Msimamizi alikuwa ametangaza kwamba wiki hiyo atakagua meza zetu kwa kamera. Nilikuwa nimejifunza njia ya kuchomoa spika, kubadilisha skrini na kusukuma king'amuzi nyuma ya pazia kwa mikono miwili kwa pamoja. Niliifanyia mazoezi. Ndotoni niliifanya pia, na ndotoni king'amuzi kilikuwa kikubwa kama jokofu.

Msimamizi aliniita mchana, tamthilia ikiwa imepamba moto. Simu za siku hiyo zilikuwa za hasira, kwa sababu mzigo wa watu wengi ulikuwa umekwama bandarini huko kwao, na kundi zima tulitakiwa kuwatafuta mmoja mmoja kwenye orodha.

"Unachelewa," akasema masikioni mwangu. "Wenzako wanawapata wateja haraka. Una skrini mbili au huna?"

"Ninazo, madam."

"Basi nionyeshe orodha kwenye ya pili, sasa hivi. Nataka kuona unavyofanya."

Sikuwa na jinsi. Nilinyoosha mkono, nikabonyeza kitufe cha chini ya monita ya kulia. Mwanamke mwenye hereni akapotea. Mahali pake pakajaa orodha ya mizigo, safu baada ya safu, namba na majina ya miji. Sikuthubutu kuchomoa spika, maana kamera ilikuwa imewashwa, ningeonekana nimeinuka. Niliipunguza sauti tu kwa rimoti ya king'amuzi. Nikaanza kumwonyesha msimamizi, nikishusha orodha kwa kipanya, na moyoni nikitunga maneno ya kumwomba mama mkwe radhi kwa kumkatizia kipindi.

Ndipo niliposikia akicheka.

"Aka! Huyu mama ana roho mbaya," akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na rafiki. "Tazama anavyomkodolea macho mtoto wa watu."

Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Uso wake ulikuwa umeielekea skrini ya kulia sawasawa. Alikuwa ameinama mbele kidogo, mikono magotini, akitabasamu. Mbele yake hapakuwa na mama wala mtoto. Palikuwa na orodha ya mizigo iliyokwama.

Nilidhani labda anafanya mzaha. Nikashusha orodha haraka, namba zikakimbia juu ya skrini kama mvua inayopanda. Hakubadilika. Mwigizaji alisema neno kwenye spika, naye akatikisa kichwa kwa huruma.

"Upo?" msimamizi akauliza. "Endelea. Huyo wa tatu yuko wapi?"

Niliendelea. Sijui nilisema nini. Nakumbuka kwamba nilitaja jina la mji vibaya na msimamizi akanisahihisha. Alipotosheka akakata, akisema afadhali leo. Nilibonyeza kitufe tena. Picha ikarudi, rangi zikajaa tena pembeni mwangu. Mama mkwe hakupepesa, hakuinua kichwa, hakusema "imerudi". Kwake hapakuwa na kitu kilichoondoka.

"Mama," nikasema, nikiwa bado nimetazama mbele. "Picha inaonekana vizuri?"

"Vizuri sana, mkwe. Mungu akubariki."

Nilitoka kwenye roshani kumpigia mke wangu. Simu yake ilikuwa imezimwa, walikuwa darasani. Nilipiga tena, na tena. Chini watoto walikuwa wakicheza mpira kati ya magari, na upande wa Mukuru moshi wa viwanda ulikuwa umelala juu ya mapaa. Nilijaribu kujituliza. Labda amechoka. Labda miwani ile ni myeusi mno. Labda hakuona vyema tangu mwanzo. Lakini kola zile za sare aliziona, na kola zilikuwa ng'ambo ya barabara.

Nikarudi ndani. Nilifanya jambo ambalo tangu nimwoe binti yake sikuwahi kulifanya. Niliondoa spika juu ya stuli, nikaivuta na kuketi mbele ya mama mkwe, nikamtazama usoni.

Chini ya miwani, shavuni, palikuwa na njia iliyokauka ya kitu cha manjano. Alikuwa ameifuta lakini hakuimaliza, kwa kuwa hakuiona. Sijui ilikuwa hapo kwa muda gani. Tulikuwa tumekaa sebule moja siku zote hizo.

"Mama, naomba utoe miwani."

Kisha akasema, "Mkwe, rudi kazini kwako."

"Nakuomba, mama."

Mikono yake ilipanda polepole. Jicho la kulia lilikuwa limevimba na kuwa jekundu, kope zimeshikana, na lile jeusi la katikati lilikuwa na ukungu kama maziwa yaliyomwagwa majini. La kushoto, lenye ugonjwa wake wa zamani, lilitazama mahali nisipokuwepo.

"Linauma?"

"Lilianza juzi. Si sana."

"Mama! Mbona hukusema?"

"Ningesemaje?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefumaniwa. "Kutwa nzima nakusikia unaomba msamaha. Kiingereza sikijui, lakini sori naijua. Sori, sori, sori, tangu asubuhi. Nikajua tivi yangu imekutia taabuni, wakubwa wako wanakufokea. Nikasema nikae kimya, nisikuongezee. Mtoto akirudi atanitazama."

Nilitaka kumweleza kwamba sori ndiyo kazi yenyewe, kwamba ndiyo ninayolipwa kusema. Nilisimama tu, nikavaa koti.

Nilimwandikia msimamizi kwamba nina mgonjwa nyumbani na ninaondoka. Jibu lilikuja kabla sijapata funguo: kuacha zamu bila ruhusa kutahesabiwa kama kuacha kazi. Nililisoma nikiwa nimesimama katikati ya sebule. Kwenye skrini ya kushoto taa ya kijani ilikuwa ikimweka, simu ya mtu fulani mbali sana ikiita. Nilifunga laptopu.

Ngazi zilikuwa shida ya kwanza. Ghorofa nne, vipandio vingine vimemeguka, na yeye haoni. Alisimama kizingitini, akijifunga leso kiunoni, akanyoosha mguu kutafuta ngazi ya kwanza. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Yeye ndiye aliyepata njia. Aliifungua leso, akashika pembe moja, akanipa nyingine.

"Tangulia," akasema. "Ukishuka utanivuta kidogo, nijue."

Tulishuka hivyo, mimi mbele na leso imekazika kati yetu. Nilikuwa nikitamka, "Ngazi. Ngazi. Hapa pana tundu. Ngazi." Majirani waliokuwa wakipanda walijibana ukutani kutupisha, wakasalimu kwa sauti za chini. Kwenye teksi yeye alikaa nyuma, mimi mbele na dereva. Jogoo Road ilikuwa imefungana. Dereva alizima redio bila kuambiwa. Nyuma yangu nilimsikia mama mkwe akiomba kwa Kiluhya, maneno ya haraka haraka, na katikati ya maombi hayo nikasikia akimtaja mwajiri wangu, kwamba Mungu ailainishe mioyo ya wale watu.

Hospitalini leso haikutosha. Watu walikuwa wengi korido nzima, wakipita kati yetu, na mwanamume mmoja mwenye magongo akaikanyaga ikamtoka mama mkononi. Nilipogeuka alikuwa amesimama peke yake katikati ya umati, viganja mbele, akigeuza kichwa huku na huku. Nilirudi nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi kuliko nilivyotarajia. Aliushika wangu kwa nguvu ya kuumiza, na hakuuachia mpaka tulipoitwa.

Daktari alikuwa mwanamke mpole asiyepoteza maneno. Alimulika jicho, akamulika tena. Alisema vijidudu vimeingia ndani ya jicho. Aliuliza matone yametiwa vipi. Mama mkwe akasema ametia kila siku. Daktari akampa chupa ya maji safi, akamwambia, "Jitie nione." Mama mkwe aliinua uso, akaminya. Tone likaanguka kwenye paji la uso, likateremka kando ya sikio. Akaminya tena, likaingia kwenye nywele. Siku zote zile alikuwa bafuni akiunywesha uso wake dawa, na jicho halikupata kitu.

"Atapona?" nikauliza.

"Tutajaribu kuliokoa. Kuona siwezi kukuahidi."

Walimchoma dawa ndani ya jicho. Mimi nilingoja nje, simu mkononi, nikimwita mke wangu ambaye bado hakupatikana, na nilipompata nilishindwa kuanza. Nilisema, "Mama," na yeye akapiga kelele kabla sijaendelea. Ilinibidi nirudie mara kadhaa kwamba yu hai, ni jicho. Akasema anakuja. Magari ya usiku yaliwatia hofu wenzake, wakamwambia angoje asubuhi. Nilisikia akibishana nao huku akilia.

Wodi ilikuwa imejaa. Daktari akasema tungeweza kurudi nyumbani kwa sharti kwamba dawa itiwe kila saa, bila kuruka, na asubuhi tuonekane hapo mlangoni. Nesi alikuja na chupa mbili.

"Nani anamtia?"

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Wewe ni mtoto wake?"

"Ni mkwe," nikasema.

Nesi alikuwa mtu wa kwetu, nilimjua kwa lafudhi. Alinitazama, akamtazama mama mkwe, na niliona ameelewa. Hakucheka. Alisogeza pazia la kijani kutuficha na watu wa benchi nyingine, akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya. Simama nyuma yake. Kichwa kiegemee tumboni kwako. Kidole gumba vuta ukope wa chini. Usiguse jicho na chupa."

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Tia tu," akasema. Alikuwa ameshavua kitambaa cha kichwa na kukikunja mapajani. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, fupi, zimesukwa mistari na binti yake. "Aibu tutaiona baadaye."

Kichwa chake kiliegemea shati langu. Mkono wangu ulitetemeka hata nesi akanishika kiwiko. Tone la kwanza lilikosa. La pili likaingia, na yeye akavuta pumzi kwa meno.

Usiku ule nilitia saa baada ya saa, simu ikinikumbusha. Aliposikia kengele alijiegemeza mwenyewe. Asubuhi mke wangu alitukuta hospitalini, bado na beji ya mafunzo shingoni. Alimkumbatia mama yake kwanza, kisha akanigeukia na hasira yote ya njiani.

"Siku zote hizo mmekaa chumba kimoja! Chumba kimoja! Hukuona?"

Nilisema sikuona. Ilikuwa kweli, na haikunisaidia. Alininunia kwa wiki nzima, na sikumlaumu.

Jicho halikupotea, lakini halikurudi lilivyokuwa siku ile ya roshani. Anaona mwanga, anaona mtu akipita, anatofautisha ng'ombe na mbuzi akiwa karibu. La kushoto lilipasuliwa baadaye, mke wangu akachukua likizo akamtia matone mwenyewe mpaka ya mwisho, na hilo likapona vizuri kabisa. Sasa yuko kwake, anachambua mboga, anasoma Biblia ya herufi kubwa.

Kazini hawakunifukuza. Msimamizi alinihoji kwa muda, kamera zimewashwa, na nilimweleza yote, hata habari ya king'amuzi. Alisikiliza bila kunikatiza. Aliniondoa kwenye simu, akanipeleka kundi la barua pepe za wikendi, kazi ambayo hakuna anayeitaka, na akaandika onyo. Kabla ya kukata aliuliza, "Na mama mkwe anaendeleaje?" Nilimwambia. Akasema, "Haya, pole," kisha akaondoka kwenye skrini.

Mara ya mwisho tulipokwenda nyumbani kwao tuliwakuta shangazi za mke wangu wamejaa uani, wakimenya viazi. Mmoja wao aliuliza jinsi mgonjwa alivyohudumiwa Nairobi binti akiwa hayupo. Nani alikuwa akimtia dawa?

Mama mkwe aliendelea kumenya kiazi chake.

"Nesi," akasema.

Nilikuwa nimekaa mbali, chini ya ukuta wa jikoni, mahali panapomfaa mkwe. Niliinamia kikombe changu cha chai. Shangazi alisema manesi wa siku hizi wana roho nzuri, na mama mkwe akakubali kwamba huyo kweli alikuwa na roho nzuri, ila mkono wake ulitetemeka kidogo mwanzoni.